Maua Yasubiri, Kwanza Kitambaa

Kamati nyingi za harusi hapa Nairobi huanza na maua, na hapo ndipo bajeti inapotoboka. Mgeni akiingia tentini huona kitambaa kwanza, meza ishirini kwa mpigo mmoja. Waridi ataliona akishaketi. Miguu ya chuma ikichungulia chini ya kitambaa kifupi, hakuna ua litakaloificha.

Kwa hiyo shika futi kamba. Meza ya duara ya watu 10 ina kipenyo cha futi 6, yaani sentimita 183, na kimo cha karibu 75. Kitambaa cha kufika chini kinahitaji sentimita 333. Ukikodishiwa cha inchi 120 (sentimita 305), miguu itabaki wazi kama sentimita 14 kuzunguka meza nzima. Uliza kipimo kabla ya kulipa arbuni.

Shuka za mitumba za Gikomba nazo zinafaa, mradi uzichague juani. Nyeupe za mitumba hazifanani: moja ni ya maziwa, nyingine ina ubuluu, na tofauti hiyo haionekani ndani ya kibanda.

Juu ya nyeupe hiyo weka ukanda wa kitenge, na hapa kuna hesabu tamu. Kipande cha yadi 6 kina urefu wa karibu mita 5.5 na upana wa sentimita 115 hivi. Mwambie fundi akigawe mara tatu kwa upana, kisha kila ukanda aukate katikati. Unapata kanda 6 za mita 2.7, zinazoning'inia zaidi ya sentimita 40 kila upande. Meza 20 zinataka vipande 4 tu, na kanda 4 za ziada ziende meza kuu. Wengine hukimbilia leso. Leso ina urefu wa sentimita 150 hivi, kwa hiyo huishia kabla ya ukingo, na ukiikata unaikata pamoja na jina lake. Afadhali wavishwe mashangazi.

Usikunje kanda zilizokwisha kupigwa pasi. Wauza vitambaa wa Isili hubaki na magogo ya karatasi ngumu jora likiisha. Yaombe, uzizungushie hapo. Tentini hutapata pa kuchomeka pasi.

Sasa maua. Pale City Market, barabara ya Muindi Mbingu, achana na waridi la shina refu. Urefu ndio unaopandisha bei, na kwenye chupa ya jamu utatumia sentimita 15, zilizobaki ni takataka. Mashina 7 kwa meza 20 ni 140. Ongeza 15 ya kuvunjika. Wiki ya Februari 14 usithubutu.

Kwa harusi ya Jumamosi nunua Alhamisi. Kata ncha kwa mshazari, sentimita 2, ng'oa majani yote yatakayozama, kisha simamisha kwenye ndoo safi, mahali pa baridi, usiku kucha. Majani yakioza majini, bakteria huziba shina na waridi huinamisha kichwa hata chupa ikiwa imejaa. Ukitumia sponji ya maua, iache izame yenyewe. Ukiisukuma kwa mkono, hewa hunaswa katikati na ua lililochomekwa hapo hunyauka kabla ya keki kukatwa.

Pambo lisizidi kimo cha sentimita 35, la sivyo wageni watazungumza na majani. Upana usizidi 45: sahani kumi, glasi na chupa za soda zinakuja, na mhudumu akikosa nafasi ataliweka pambo lako chini ya meza.

Maji yajazwe ukumbini. Ukiyajaza nyumbani, matuta ya njiani yatayamwaga yote juu ya vitenge.