Miaka ya Farasi na Kilomita Zake

Karibu nusu ya farasi wanaoanza Tevis Cup, mbio za masafa marefu za kupanda farasi kule California, hawafiki mwisho. Ni maili 100, yaani kilomita 160, ndani ya saa 24, kukatiza milima ya Sierra Nevada hadi mji wa Auburn. Kila takwimu hiyo inapotajwa, watu hurukia umri. Anayeona farasi wa miaka 17 akitandikwa alfajiri husema huo ni ukatili, heri angetafutwa kijana mwenye damu moto.

Kijana huyo ndiye ningemhofia zaidi. Moyo na misuli ya farasi hujengeka kwa miezi michache tu ya mazoezi. Mifupa na kano huchukua miaka, na uti wa mgongo wenyewe haukomi kukua mpaka farasi akaribie miaka 5 au 6. Kwa hiyo farasi wa miaka 6 anaweza kuwa na pumzi ya maili 100 na miguu ya maili 50, na mpandaji hapo juu anaisikia pumzi tu. Tevis humtaka farasi awe ametimiza miaka 6. Ubingwa wa dunia wa mbio hizi humtaka awe mkubwa zaidi.

Halafu kuna maji. Kwenye joto kali farasi anayefanya kazi anaweza kutoa jasho la lita 10 au zaidi kwa saa. Mgeni wa mbio, akiwa amepandwa na msisimko wa kundi, hupita kwenye birika la kwanza hata haligusi, na la pili vilevile. Mzoefu huinamisha kichwa kwenye kila kidimbwi, hata cha maji ya matope, na wakati wa mapumziko hula kama yuko zizini kwake. Tofauti inaonekana kwenye kituo cha ukaguzi njiani: daktari wa mifugo anabonyeza ufizi na kuangalia damu inarudi upesi kiasi gani, anasikiliza tumbo, anahesabu mapigo ya moyo. Kwa kanuni za kimataifa yasizidi 64 kwa dakika. Mzoefu ameshapoa. Mgeni bado mapigo yako juu, tumbo kimya. Kunywa njiani hujifunzwa kwa kusafiri. Miaka ya kukaa malishoni haimfundishi farasi hilo.

Wanaopinga wana hoja moja nzito, nayo ni ya hesabu. Farasi wa miaka 15 aliyebaki mashindanoni ni yule ambaye hakuvunjika. Wenzake walioanza kuchechemea wakiwa na miaka 8 walishaondoka, hawahesabiwi tena, kwa hiyo rekodi nzuri ya wazee kwa sehemu ni kazi ya mchujo. Isitoshe, farasi mzee hupoza mwili kwa shida zaidi na viungo vyake vimechakaa. Yote hayo ni kweli.

Lakini tuulize mchujo huo unawatoa kwa lipi. Katika mashindano ya kimataifa, sababu kubwa ya farasi kuondolewa ni kuchechemea, na mwendo una mkono wake humo. Ndugu zetu walioko Ghuba wanazijua mbio za jangwani, tambarare tupu, ambako washindi hupita wastani wa kilomita 25 kwa saa. Mwaka 2015 shirikisho la michezo ya farasi la Falme za Kiarabu lilisimamishwa kimataifa kwa miezi kadhaa, ustawi wa farasi ukiwa miongoni mwa sababu. Kwa upande mwingine, mpandaji Donna Fitzgerald alishinda Tevis mara 6 kati ya 1970 na 1976, zote kwa farasi mmoja, Witezarif. Huyo hakutumiwa msimu mmoja akatupwa.

Kanuni za kimataifa tayari humtaka farasi mgeni amalize safari za kufuzu kwa mwendo wa kadiri. Ningependa ngazi hiyo irefushwe, na kikomo cha umri kwa wakongwe kiachwe kwa daktari aliye kituoni. Kikwazo ni pesa: misimu miwili mitatu ya safari za polepole ni lishe, kwato na matibabu bila zawadi yoyote, na mmiliki anayetaka kuuza farasi wake akiwa na miaka 8 hana sababu ya kuilipia.