Mnyonya damu wa Mwanjelwa atakula nini?

Wasomaji wa mifululizo ya vampaya na watu-mbwamwitu wana lalamiko linalojirudia: kitabu cha kwanza kitamu, cha pili kinanyima usingizi, kufika cha nne mtu anasoma amalize tu. Wengi wanayatupia lawama mapenzi. Sikubaliani nao. Kinachoua mfululizo ni mwandishi kuvunja sheria alizozitunga mwenyewe. Kitabu cha kwanza jua linaunguza. Cha tatu mhusika anapewa pete na anatembea mchana. Cha tano aliyekatwa kichwa anafufuka. Msomaji akishajua kwamba hakuna baya litakalompata mhusika, hofu inakwisha, na hadithi ya kutisha bila hofu haina kitu.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe kwa sababu vijana wetu sasa wanaziandika hadithi hizi. Zinatoka kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp, kila kipande kikiishia na "itaendelea", na anayetaka sehemu zilizobaki anatuma hela kwa simu. Utaratibu huo naupenda, maana unamlipa mwandishi. Ila unamsukuma aongeze vitisho kila wiki, na nguvu za wahusika zikipanda bila gharama, sheria huvunjika mapema zaidi.

Kuazima si kosa. Sheria hizi zimegeuzwa tangu zamani: Dracula, vampaya wa riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, hutembea mchana, nguvu tu ndizo zinazopungua, jua la kuua liliingia na filamu ya Kijerumani ya Nosferatu mwaka 1922. Mwandishi wa Mbeya ana haki ileile ya kugeuza. Kosa ni kuibeba sheria bila kuipima kwa anga, wanyama na watu wa hapa.

Anza na chakula. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Mchangiaji hutoa mililita 450 hivi kwa mara moja, kisha mwanamume anapumzika miezi 3 na mwanamke miezi 4. Mpe vampaya wako kiasi hicho kila usiku bila kuua mtu: atahitaji wanaume 90 wa kupokezana. Ukoo wa vampaya 10 unataka 900, karibu wanaume wote wa kijiji kikubwa. Ndiyo maana ukoo uliojificha kwenye kijiji kidogo cha Rungwe hauaminiki hata kidogo. Ukoo huo utakaa Mwanjelwa, jijini Mbeya, penye soko, gesti na wasafiri, au Tunduma, ambako madereva wa malori hulala foleni ya mpakani na hakuna anayeshangaa sura ngeni. Wakiamua kuiba damu ya hospitali, chembe nyekundu zinahifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 6 kwa takriban siku 35. Umeme ukikatika na jenereta ikagoma, una sura nzima ya kitabu bila kuongeza adui mpya. Na wakiua kila usiku, ni maiti 365 kwa mwaka kwa kila vampaya. Hakuna mwenyekiti wa mtaa atakayenyamaza.

Kugeuza watu nako kuna hesabu yake, na hapa ndipo waandishi wengi wanapoangukia. Vampaya akigeuza mtu mmoja kila mwezi, na kila aliyegeuzwa akafanya vivyo hivyo, mwezi wa 12 wako 4,096. Mwezi wa 20 wamepita milioni moja, na Jiji la Mbeya kwenye sensa ya 2022 lilikuwa na watu zaidi ya 540,000. Mwezi wa 26 wamepita idadi ya Watanzania wote waliohesabiwa kwenye sensa hiyo. Kwa hiyo kugeuza kuwe na bei: mgeuzaji adhoofike kwa miaka, au wengi wanaong'atwa wafe.

Usiku wetu pia si usiku wa Marekani. Seattle, Desemba, giza linadumu kwa saa 15 na zaidi. Juni linashuka hadi saa 8. Mbeya urefu wa usiku haubadiliki sana, unadumu kwa takriban saa 11 na nusu hadi 12 na nusu mwaka mzima. Ule msimu mrefu wa giza unaowapa vampaya ushindi hapa haupo. Mwezi mpevu huja kila baada ya siku 29 na nusu, na huchomoza jua linapozama. Saa mbili usiku bado uko chini, mashariki upande wa Uyole, wala hauko utosini kama wengi wanavyoandika. Halafu amua: mwezi uliofunikwa na mawingu una nguvu au hauna? Kama hauna, Tukuyu yenye mvua zake inakuwa kimbilio la watu-mbwamwitu wote wa nyanda za juu, na hiyo ni nchi ya hadithi inayojitegemea.

Kwangu mimi, hata hivyo, mnyama sahihi wa kugeuka ni fisi madoa. Mtu wa kilo 60 akiwa fisi wa kilo 60, hakuna nyama iliyopotea wala kuongezeka. Tena yale mapigano ya madume kugombea uongozi wa kundi yametokana na mbwamwitu waliofungiwa pamoja bila undugu. Mtafiti David Mech, aliyeyaeneza kwa kitabu chake cha 1970, baadaye aliyakana, kwa kuwa porini kundi ni wazazi na watoto wao. Fisi wanatawaliwa na majike, na binti hurithi cheo chini ya mama yake. Mfululizo wenye bibi mkuu, mabinti wanaovizia urithi na wakwe wa kiume wasio na sauti ungekuwa na vita vya kutosha vitabu sita.

Kuhusu madini ya fedha, ambayo kwenye hadithi hizi ndiyo humuua mtu-mbwamwitu, ikumbukwe yanayeyuka kwenye nyuzi 961 wakati madini ya risasi ya kawaida yanayeyuka kwa 327. Moto wa jikoni hautoshi, mhusika amtafute sonara. Au aachane na fedha kabisa atumie chuma cha Kimondo cha Mbozi, chenye nikeli karibu asilimia 9. Kinalindwa, kwa hiyo kukichonga ni kosa la jinai, na hiyo ndiyo gharama.

Jambo la mwisho ni zito. Hadithi za mumiani zimewahi kuua watu wa kweli: mwaka 2017, jirani zetu Malawi, makundi yenye hasira yaliwaua watu waliodhaniwa ni wanyonya damu. Hapa kwetu wapo wanaokumbuka hofu ya wachuna ngozi. Kamwe usimpe mnyonya damu macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni maisha yake yote, wala ualbino, wala kazi ya kupima damu zahanati. Tunga dalili ambayo hakuna jirani anayo. Makete na Kitulo alfajiri ya baridi kila mtu hutoa mvuke mdomoni; aliyekufa mwili hautoi. Dalili hiyo inafaa zaidi Juni na Julai, kwa hiyo panga matukio yako kwa kalenda kabla hujatuma kipande cha kwanza.