Kamati ya Saa 24

Hivi nani alituroga sisi Waswahili, kwamba hatuwezi kwenda popote bila kuunda kamati? Watu watano tunataka kwenda Le Mans, Ufaransa, kutazama mbio za magari za saa 24. Basi. Mwingereza akiamua kwenda huko anatupa hema kwenye buti, anamuaga mkewe, huyo anashika njia ya bandarini. Sisi hapa mjini Reading, Uingereza, tuna Mwenyekiti, Makamu Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, na mimi, mjumbe. Mjumbe pekee. Kamati nzima ina mwananchi mmoja tu wa kutumwa.

Kundi la WhatsApp lilifunguliwa siku ileile. Kesho yake mtu akatuma maua ya "Jumapili njema". Akafuata mwingine na mchango wa msiba wa Swindon, halafu video ya dawa ya kisukari ya majani ya mlonge. Leo ukitaka kujua meli inaondoka saa ngapi, upite kwanza kwenye hayo yote, na mjadala wa Simba na Yanga juu yake.

Tena hao ndio wanaokwenda. Kuna wale wa nyumbani kwangu.

Mbio zenyewe ni Juni 13 na 14. Zinaanza Jumamosi saa kumi jioni, zinakwisha Jumapili saa kumi jioni. Nilimweleza mama watoto taratibu, huku namenya vitunguu ili nionekane mtu wa maana.

"Nani anashinda?" akauliza.

"Haijulikani mpaka ziishe."

"Sasa usiku mnatazama nini?"

"Magari."

"Gizani?"

"Yana taa."

Akanyamaza. Mke akinyamaza namna ile hajaishiwa maneno, anayapanga. "Juzi nilikuomba unipeleke Leicester nikanunue mihogo na samaki, ukasema mgongo. Saa ishirini na nne umesimama kwenye majani, huo mgongo unamwachia nani?"

Nikaona nimpe historia, labda atalainika. Nikamwambia mbio hizi zilianza 1923. Nikamwambia mzunguko mmoja ni zaidi ya kilomita 13, na sehemu kubwa ni barabara za kawaida kabisa, raia wanapita kwenda kununua mikate, mpaka wiki ya mbio inapofika zikafungwa. Kuna ule mnyoofu wa Hunaudières, magari yanapita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na hapo ni baada ya kuwekewa vikona viwili 1990 ili wapunguze mwendo. Mwaka 2010 gari lililoshinda lilitembea kilomita 5,410. Hebu fikiria, nikamwambia, hiyo ni Dar kwenda Mwanza na kurudi, mara mbili, na chenji inabaki, tena bila kusimama Singida kula kuku.

"Wanafika wapi?" akauliza.

"Palepale walipoanzia."

Akachukua kisu chake, akaendelea na nyanya.

Lakini sheria ya madereva ndiyo inayoniuma mimi. Gari moja lina madereva watatu, wanapokezana. Hakuna ruhusa mmoja kuendesha zaidi ya saa nne ndani ya saa sita, na kwa jumla asizidishe saa kumi na nne. Akishuka anapokewa kwa taulo, anapewa maji, anakandwa misuli, analazwa. Mimi nafanya zamu za usiku za saa kumi na mbili kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na asubuhi mwenzangu wa kunipokea anapiga simu kwamba amekwama kwenye foleni. Hakuna anayenikanda. Juzi nimemwambia mratibu wa zamu naomba likizo siku nne nikatazame mashindano ya ustahimilivu. Akaniuliza, kwani hapa unafanya nini?

Aliyetuambukiza ugonjwa huu ni Katibu. Ni Mkenya, mtoto wa Nakuru, kakulia kwenye Safari Rally. Ukimgusa kidogo tu anaanza na Joginder Singh aliyeshinda 1965, akashinda tena 1974 na 1976. Anasimulia utadhani alikuwa amekaa kiti cha nyuma anashika ramani. Kwao mtu unaenda Naivasha na chapati zako, unasimama vichakani, gari linapita fyuuu, unakula vumbi, unasubiri lingine. Hakuna anayekudai kitu. Sasa huyuhuyu ndiye tuliyempa kazi ya tiketi, na kila akifungua tovuti anapiga kelele kama kamwagiwa maji ya moto. Tiketi ya kuingia mbali. Sehemu ya kupiga hema mbali. Ukitaka kukaa kitako jukwaani, nako mbali.

"Kulipia kusimama, sawa," alisema kwenye kikao. "Kulipia kulala chini pia?"

Na hapo anabishana bei wakati watu zaidi ya laki tatu wanakwenda kila mwaka, na miaka hii tiketi zinaisha miezi mingi kabla. Tulizipata kwa mtu aliyevunja safari kwa sababu mkewe anajifungua Juni. Mwenyezi Mungu amjaalie huyo mama, ametufaa sana.

Mwenyekiti wetu yeye ana la moyoni. Ni dereva wa teksi, anaendesha Toyota Prius, na Toyota kwake ni kama ukoo wa mjomba. Anakwenda Le Mans kudai haki. Ukitaka kikao kisiishe, taja 2016. Toyota wanaongoza, wamekimbia saa ishirini na tatu na dakika hamsini na kitu, zimebaki kama dakika tatu tu, dereva wao Kazuki Nakajima anasema redioni kwamba gari halina nguvu. Likasimama mbele ya jukwaa kuu huku Porsche anapita. Mwenyekiti akifika hapo anavua miwani. Tunampa dakika yake. Toyota walipata kombe lao la kwanza 2018, wakalishika mpaka 2022, halafu Ferrari wa Italia akarudi na kulichukua 2023, 2024 na 2025. Tangu hapo Mwenyekiti hali pizza.

Tulidhani tumemaliza, Makamu akakumbuka Kombe la Dunia. Linaanza Juni 11, siku mbili kabla. Tanzania haipo, Kenya haipo, lakini Makamu anasema kuna mechi hawezi kuzikosa, na kule kwenye mahema mtandao utakuwa wa kusuasua. Akapendekeza kamati iwaandikie barua waandaaji, Automobile Club de l'Ouest, tuwaombe wasogeze mbio wiki mbili mbele. Naapa sitanii. Hoja ikaungwa mkono na Mweka Hazina. Katibu akaandika kwenye muhtasari. Mjumbe akaambiwa atafute anwani.

Viza sasa. Kati yetu wawili wana pasipoti ya Uingereza, hao wanatembea vifua mbele, ingawa siku hizi nao mpakani wanapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Sisi wengine bado na kitabu cha nyumbani. Ada ya viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Ufaransa, ni yuro 90, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, taarifa za benki, barua ya kazi, na uthibitisho wa mahali utakapolala. Hapo penye kulala ndipo nilipojua dunia ina watu.

Binti wa dirishani alikuwa na kucha ndefu za zambarau, anapekua karatasi zangu kwa ncha ya kalamu kana kwamba zina unga wa mahindi.

"Hoteli iko wapi?"

"Hakuna hoteli. Ni hema."

"Hema lina anwani?"

"Lina namba ya kiwanja."

Akaisoma karatasi ya kambi, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. "Na hapa unakwenda kufanya nini usiku wa Jumamosi?"

"Kutazama magari."

Akaniangalia kwa jicho lilelile la mama watoto. Nusura niseme yana taa.

Viza ikatoka, alhamdulillah, na siku zenyewe zimehesabiwa kwa kijiko: siku ya kwenda, siku za mbio, siku ya kurudi. Sasa tukadhani lililobaki ni kula. Le Mans wanasifika kwa rillettes, nyama iliyopikwa polepole kwenye mafuta mpaka ikalegea, wanaipaka kwenye mkate. Nyama yenyewe ya nguruwe. Watatu kati yetu tukasema hilo halituhusu, tutabeba vyetu. Mwenyekiti akajitolea mishkaki, Makamu sambusa za nyama dazeni nne, mimi maziwa ya chai. Mweka Hazina ndiye aliyeleta habari mbaya, na aliileta kwa furaha: tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, msafiri haruhusiwi kuingia na nyama wala maziwa kutoka huku. Mwaka 2021 kuna madereva walinyang'anywa sandwichi bandarini Uholanzi, mbele ya kamera.

Kimya kikatanda kwenye kikao. Mtu kunyimwa viza tunaelewa, ila sambusa kurudishwa mpakani?

Tumerekebisha bajeti. Tunakwenda na mchele, maharage, bajia, kachori, visheti na chai ya rangi. Katibu kaongeza unga wa ugali. Saa nane usiku, magari sitini na mbili yanaunguruma, Mkenya amepiga magoti mbele ya jiko la gesi anasonga ugali. Wafaransa watakuja kupiga picha.

Kuhusu Mweka Hazina sisemi mengi kwa kuwa yuko kwenye kundi. Nasema tu kwamba daftari lake lina safu mbili, ahadi na taslimu. Safu ya ahadi imejaa mpaka pembeni, imevuka kwenye ukurasa wa pili. Ya taslimu ina jina langu na la Mwenyekiti. Nilipomuuliza jina lake liko wapi alisema mweka hazina hajichangishi, huo ni mgongano wa maslahi.

Tunakwenda na Prius ya Mwenyekiti. Meli ya usiku kutoka Portsmouth mpaka Ouistreham, karibu na Caen, na kutoka hapo ni kama saa mbili kwa barabara. Tumenunua stika za kubandika kwenye taa zisiwamulike Wafaransa machoni, tumenunua reflekta na ile pembetatu ya tahadhari, maana kule kuwa navyo garini ni sheria. Hema liko kwangu sebuleni, watoto wamelihamia na wanakataa kutoka.

Limebaki moja, na hili nina wasiwasi litatuvunjia kamati. Sehemu ya barabara ile ni ya kulipia. Wafaransa wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo kibanda cha malipo kiko kushoto, na usukani wa gari letu uko kulia. Maana yake Mwenyekiti mkono hautafika. Anayelipa ni aliyekaa mbele kushoto, na kamati zetu mnazifahamu, ukishalipa kwa kadi yako umetoa sadaka.

Katibu kasema kiti cha mbele kinamtia kichefuchefu. Makamu miguu yake inamtaka nyuma, sijui miguu gani hiyo inayopenda kubanwa. Mweka Hazina kawahi kutuma picha ya Prius imechorewa viti vitano, jina lake limeandikwa katikati, nyuma, palipo na kile kinundu ambacho hakuna mtu mzima aliyewahi kukitaka. Kiti cha mbele kaandika "Mjumbe".