Nusu milimita na seremala

Kila mashine ya CNC, ile ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta, inapoingia mtaani, mafundi wa zamani huipokea kwa neno moja: imekuja kula riziki. Unachora kabati kwenye kompyuta, plaiwudi inalazwa juu ya meza ya mashine, biti, yaani kisu chake cha mviringo, inazunguka na kutoa vipande bila mtu kugusa msumeno. Seremala wa nini tena? Hofu hiyo naielewa. Ila wanaoiogopa mashine na wanaoisifu naona wanateleza mahali pamoja: wote wanadhani useremala ni kukata.

Chukua plaiwudi ya milimita 18, ile ya futi nane kwa nne. Ipime kwa kalipa, kipimo cha kubana kinachosoma hadi sehemu ndogo za milimita, si kwa futi kamba. Hushangai kukuta 17.4, ukingoni 17.6, na ya pili kutoka rundo hilohilo 17.2. Kwa fundi wa mkono hilo si neno. Analaza kipande juu ya mwenzake, anachora kwa penseli, anachonga mpaka kiingie. Mashine ukiiambia 18 itachimba mfereji wa 18, na shelfu itacheza ndani yake kama jino bovu. Kwenye kistuli utaficha kwa gundi. Kwenye kabati la mita 2.4 lenye shelfu tano, kila kiungo kinacheza kidogo, na ukilisimamisha linayumba lote. La kwanza nililolichora mwenyewe lilikuwa hivyo. Niliegemeza mkono tu likasogea. La pili nikabana mifereji hadi 17.4, plaiwudi zikakaa Dar es Salaam masika yote kabla ya kuungwa, zikanywa unyevu na kuvimba. Nyundo ndiyo iliyozungumza siku hiyo, na kingo zikachanika.

Dawa ipo: pima kila plaiwudi sehemu kadhaa, unene uandikwe mahali pamoja tu kwenye mchoro ili ukiubadilisha mifereji yote ifuate, kisha kata kipande cha majaribio. Lakini kujua kiungo kimebana kiasi gani ili kisicheze wala kisipasue, hilo liko kwenye viganja vya seremala.

Mafundi nao wana hoja nzito, na kwangu si ya riziki, ni ya kuta. Kona za nyumba zetu nyingi hazina pembe mraba, na kabati la ukutani lililokatwa sawasawa huacha mwanya upande mmoja. Fundi wa mkono angeliparua kwa randa palepale. Umeme nao ukikatika katikati ya kazi, mashine inaweza kupoteza mahali ilipoanzia, na plaiwudi nzima ikawa kuni. Bei ya mashine hata siigusi.

Hata hivyo, kwa fanicha kubwa siwezi kurudi nyuma. Kabati la kimo cha mita 2.4 na kina cha sentimita 60 ukiliunga likiwa limelala sakafuni, wakati wa kulisimamisha kona yake hupanda hadi karibu mita 2.47. Dari ya 2.44 haikubali. Vipande vya mashine hupanda ngazi vikiwa bapa na kuungwa wima, bila vumbi la msumeno chumbani kwa mteja. Ubao mmoja ukivunjika baada ya miaka, mchoro bado upo, unakata huohuo. (Wateja huuliza vile vitundu vya duara kwenye kona za ndani ni kosa la nani. Biti ni ya mviringo, haiwezi kuacha kona kali.)

Siku hizi nafanya kazi na mzee mmoja ambaye hajawahi kushika kompyuta. Kipande cha majaribio kikitoka, anakipachika na kukipiga kofi. Kikiingia kwa kofi moja, anasema kata. Kikidumbukia chenyewe, ananirudishia, nami narudi kwenye mchoro.