Kabla ya kumpa kiti, mpimeni

Huu ni mwaka wangu wa saba hapa Leeds, Uingereza, kazi yangu ni kuhudumia watu wenye ulemavu majumbani mwao. Siku ya kwanza kuona mtoto wa huku akipimwa kiti mwendo, nilishindwa kusema neno. Mtaalamu alipiga magoti mbele yake na futi ya kamba, akapima nyonga, paja, goti hadi kisigino. Akamuuliza mama mlango wa choo una upana gani, na njia ya kwenda shule ni lami au kokoto. Ilichukua saa moja na nusu, na kiti chenyewe kilikuwa hakijaagizwa bado.

Nikamkumbuka mpwa wangu, yuko Mabatini, Mwanza. Ana mtindio wa ubongo. Alipokuwa na miaka 6 alipewa kiti mwendo kwenye hafla, chini ya turubai, yeye na wenzake zaidi ya 20, na viti vyote vilikuwa saizi moja. Dada yangu alilia kwa furaha siku ile. Baada ya miezi 2 akanipigia: miguu ya mtoto inaning'inia, kichwa kinalalia bega, na amepata kidonda kiunoni. Halafu anayeijua Mabatini anajua nyumba zilivyopanda juu ya mawe. Vigurudumu vya mbele vilizama kwenye changarawe hatua chache tu kutoka mlangoni. Kiti kikaegeshwa ukutani, dada akarudia kumbeba mtoto mgongoni kushuka hadi barabarani, kisha ndiyo awahi soko la Mwaloni Kirumba kwenye dagaa wake.

Huku nako watu wanahangaika. Ruzuku ya halmashauri ya kurekebisha nyumba inaweza kufika pauni 30,000 kwa England, na kwa mtoto hawaangalii kipato cha wazazi, lakini nimehudumia familia iliyosubiri bafu zaidi ya mwaka mzima. Serikali ikiishia njiani, mashirika ya hisani ndiyo yanapokea mzigo. Whizz Kidz wanawapatia watoto viti tangu 1990. Wanaonigusa zaidi ni Remap, walioanza 1964: mafundi na wahandisi wa kujitolea wanaotengeneza kifaa kimoja kwa ajili ya mtu mmoja, bila malipo. Mzee mmoja ninayemhudumia alipooza mkono kwa kiharusi, na alichokililia kuliko vyote ni kuvua samaki. Akatengenezewa kishikio kinachofungwa kwenye kiti chake na kubeba ule ufito wa ndoano. Hakuna duka linalouza kitu kama kile.

Mafundi wa namna hiyo Mwanza tunao wengi. Nilipokuja likizo tulimbeba mtoto na kile kiti hadi kwa kijana anayechomelea mageti pale chini. Kwanza tulimtafuta mtaalamu aliyesomea Moshi, TATCOT, chuo kinachofundisha mambo ya viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981, kwa sababu kumkalisha mtoto vibaya kunaweza kumpinda mgongo. Akapima, akaandika kwenye daftari, fundi akafuata. Fremu ikakatwa na kupunguzwa, sehemu ya kukanyagia ikapandishwa, mbele yakafungwa magurudumu mapana ya toroli, pembeni sponji ngumu ya kushikilia kichwa. Siku 3, shilingi 140,000.

Ndiyo maana nawaomba wafadhili, na sisi wenyewe wa ughaibuni tunaochangishana kujaza kontena la viti: tengeni fedha ya nauli ya mpimaji na ya mkono wa fundi. Tengeni na ya kurudi baada ya miezi 6, maana mtoto anakua. Ripoti ya WHO na UNICEF ya 2022 ilionyesha kuwa katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa saidizi wanaovipata, na katika baadhi ya nchi tajiri ni 90. Kiti kilichoegeshwa ukutani kwa dada yangu sikihesabu kuwa kimepatikana.

Najua nitaambiwa kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri za Tanzania inayotengwa kwa mikopo, na 2 kati yake ni ya watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, na mkopo hauna riba. Lakini ni mkopo, na ni wa kufanyia biashara. Mtoto wa miaka 9 anafanya biashara gani hata aurejeshe? Huyu anahitaji ruzuku, tena ndogo tu, inayotoka haraka bila kungoja hafla.

Mwezi uliopita dada alinitumia vipimo vipya. Paja limeongezeka sentimita 3. Fundi amesema Jumamosi atapanda mwenyewe na grinda yake.