Ramani ya nani? Maneno machache kutoka vilima vya Mwanza

Wanafunzi wa vyuo siku hizi ukitamka neno "ukweli" mbele yao wanakurudishia: ukweli wa nani? Wazee wanaona ni utovu wa adabu. Mimi naliona ni swali zuri, shida ni kwamba wengi wakishauliza wanaenda zao. Na sisi wa Mwanza tunaweza kulipima kwenye ramani, tena bila kufungua kitabu.

Vitabu navyo vipo. Mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard alieleza mwaka 1979 kuwa usasaleo (kwa Kiingereza postmodernism) ni kutoyaamini masimulizi makuu, yale yanayojidai kueleza kila kitu kwa niaba ya kila mtu. Miaka kumi baadaye Mwingereza J. B. Harley, mwanahistoria wa ramani, akiazima hoja za wanafalsafa Foucault na Derrida, aliwageukia wachora ramani: ramani ina mwenyewe, na mwenyewe ana lake analolitaka. Alituambia tuangalie hata pale iliponyamaza.

Tuanzie hapa hapa ufukweni. Mwaka 1858 John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa, pande hizi za Mwanza. Aliona kipande tu cha maji. Mengine aliyapata kwa kuuliza wenyeji na wafanyabiashara Waarabu, kisha akatangaza kuwa chanzo cha mto Nile ndicho hiki, na ziwa akalipa jina la malkia wake. Hilo la Nile alibahatisha vizuri, tumpe haki yake. Ila waliomweleza hawamo kwenye jina. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani wakakubaliana mpaka wao ukate ziwa kwenye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, mstari wa rula juu ya maji. Mvuvi akiwa na karabai zake usiku hauoni, lakini akiuvuka anaweza kukamatwa.

Sasa tupande mlimani. Picha ya setilaiti ya Mabatini, mtaa wetu wa vilimani, inakuonyesha mapaa na mawe. Njia haikuonyeshi, kwa sababu njia za kule zinapenya kati ya majabali, zinabanwa na ukuta wa jirani, zinapanda ngazi ambazo mtu kazijenga kwa saruji yake mwenyewe. Ndiyo maana mgeni tunamwelekeza hivi: "Shuka kituoni, vuka mto Mirongo, panda ngazi mpaka kwenye jiwe lenye tangazo la mganga, ukimkuta mama wa maandazi muulize." Hiyo nayo ni ramani, na bodaboda anaitumia hata usiku. Kasoro yake ni moja: mama akihamia Buhongwa, nusu ya mtaa inapotea.

Kwa hiyo naunga mkono OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote mwenye simu na bando anaweza kuongeza uchochoro wake. Kule Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaa inayofurika, pamoja na mitaro yake. Mirongo nao hufurika, na anayejua maji hufika wapi ni yule aliyewahi kuyachota sebuleni.

Hapa lakini naachana na mashabiki wenzangu. Huyo "yeyote" naye ni nani? Kwenye OpenStreetMap hiyo hiyo, pendekezo la kuweka alama ya sehemu za kulelea watoto lilipopigiwa kura mara ya kwanza lilikataliwa, na wachoraji wengi ni wanaume. Kwetu mwenye simu janja na muda wa kuzurura nayo ni kijana wa kiume. Atakuchorea baa, gesti na kituo cha mafuta. Bomba la maji la mtaa ataliruka, na ule uchochoro ambao dada zetu hawaupiti giza likiingia ataupaka rangi sawa na zingine.

Tena kuonekana kwenyewe kuna gharama. Zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 lilipoleta namba za nyumba, kuna aliyefurahi kwamba mzigo sasa utafika mlangoni, na kuna aliyeuliza bomoabomoa ni lini. Mwenye nyumba juu ya jiwe, hana hati, simlaumu kwa swali lake.

Msinielewe kuwa basi kila ramani ni maoni tu. Jiwe lipo. Ukichora njia inayopita katikati yake, bodaboda atakwama hapo, nyuma amembeba mjamzito anayewahi hospitali ya Bugando, na hakuna Mfaransa atakayemsaidia kulizunguka. Ramani inaweza kuwa na mwenyewe na bado ikawa imekosea.

Ninachotaka ni kidogo. Kabla ya kuchora, suala liletwe kwenye mkutano wa mtaa: kipi kiingie, kipi kiachwe. Simu washike wanaobeba ndoo, wasiishie kuonyesha njia kwa kidole. Na ikikamilika ichapwe kwenye karatasi, ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, maana si kila mtu ana bando la kuifungua.