Kadi ya mwalimu na asilimia 10 za Wamarekani

Mwisho wa mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya ATM hapa mjini Tanga. Mbele yangu kijana mmoja, shati limechomekewa vizuri, mkoba begani. Zamu yake ilipofika akatoa bunda la kadi za benki lililofungwa kwa rababendi. Nilihesabu 11 kabla watu wa nyuma hawajaanza kuguna. Kila kadi ina kipande cha plasta mgongoni, na juu ya plasta tarakimu 4 za kalamu. Anaingiza, anabonyeza, anahesabu noti, anaandika kwenye kidaftari, anachomeka nyingine. Mzee mmoja aliyeshika baiskeli yake akauliza kwa sauti, "Mwanangu, hao wote ni wazazi wako?" Foleni nzima ikacheka. Kijana hakugeuka.

Na mimi nilicheka. Siku tatu baadaye nikajua kwamba kadi ya mwalimu aliyenifundisha hesabu darasa la tano nayo iko kwenye bunda la namna ile, mikononi mwa mkopeshaji.

Nina steshenari ndogo Ngamiani. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Mtu mwenye kazi hii hujua siri za mtaa kuliko mjumbe, kwa sababu kila shida ya mwanadamu siku hizi inadai kopi. Fomu za mikopo ndizo zinazonilipia pango la duka, sitaki kuficha hilo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nayasema kama mtu anayekula kidogo kwenye sahani hiyo hiyo.

Mwalimu alikuja na daftari la mistari na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Shikamoo mwalimu." "Marhaba mwanangu. Nisomee hiki, macho yangu yamegoma." Macho yake hayakugoma, alikuwa amevaa miwani. Alitaka mtu mwingine aisome kwa sauti ili asiwe peke yake na ile karatasi. Alikopa shilingi 500,000 kwa ajili ya mjukuu aliyepangiwa shule ya bweni. Mkononi alipewa 460,000, kwani 40,000 zilikatwa hapo hapo kwa jina la fomu na bima. Dhamana ikawa kadi yake ya benki na namba yake ya siri, pensheni ikiingia mkopeshaji anajichotea 150,000 na kumpigia simu aje achukue kinachobaki. Miezi 8 imepita. Zimeshatoka 1,200,000. Bado anaambiwa anadaiwa 310,000, ambazo zimeandikwa kwa neno moja tu: faini.

Tuliyaweka mezani yale mahesabu, mwalimu na mwanafunzi wake. Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani hawa wasiopokea amana, kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Tukaihesabu kwa kila baki. Mwezi wa kwanza deni lingefika 517,500, akilipa 150,000 zinabaki 367,500. Mwezi wa pili zinabaki 230,000 na kitu. Wa tatu, 88,000 na kitu. Mwezi wa nne angemalizia kwa shilingi 91,500 hivi na kushikana mikono na mtu. Jumla angekuwa ametoa kama 541,500. Mwalimu aliweka kalamu chini, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio. "Na mimi ndiye niliyekuwa nawachapa nyinyi kwa asilimia," akasema.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Pale kijiweni kwetu, jioni, kati ya kahawa na kashata, kulikuja habari ya Marekani. Februari 2025 maseneta wawili, Bernie Sanders wa mrengo wa kushoto na Josh Hawley wa chama cha Republican, watu ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya saa, walipeleka mswada wa kuziwekea kadi za mkopo riba isiyozidi asilimia 10 kwa muda wa miaka 5. Huko kadi ya mkopo ni kitu cha kila mtu: unanunua leo kwa pesa ya benki, unalipa mwisho wa mwezi, usipomaliza unaanza kuhesabiwa riba, na wastani wa riba hizo umekuwa juu ya asilimia 20. Muuza kahawa akasikiliza mpaka mwisho, akamimina kikombe, akauliza: "Asilimia 10 kwa mwezi? Huyo mkopeshaji anakaa wapi, nimfuate?" Tukamwambia ni kwa mwaka. Akakaa kimya kidogo. "Kwa mwaka," akarudia, kama mtu aliyetajiwa bei ya zamani ya sukari.

Hapo ndipo nilipo tofauti na wenzangu wa kijiweni. Wao walitoka na hoja moja: na sisi tuwekewe asilimia 10. Mimi nasema kikomo tunacho tayari, na hakijamsaidia mwalimu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya mwaka 2018, kanuni zake zikaja 2019, na kukopesha kama biashara bila leseni ni kosa. Kinachotukausha damu si riba iliyoandikwa. Ni ile isiyoitwa riba.

Mchukue mama anayechukua samaki pale Deep Sea na kuwapitisha mitaani kwa beseni. Anaomba 300,000. Anapokea 270,000, zilizobaki ni fomu, picha, bima, "ada ya usimamizi". Rejesho lake ni 13,000 kila siku kwa siku 30, bahari ichafuke isichafuke. Jumla 390,000. Kwa kikomo cha Benki Kuu, riba ya mwezi kwa 300,000 ni 10,500. Yeye ametoa 120,000 juu ya alichoshika mkononi. Na usisahau kwamba hakukaa na ile pesa mwezi mzima, maana ameanza kuirudisha kesho yake asubuhi. Ukimuuliza afisa mikopo riba ni ngapi, atakujibu bila kupepesa: "Tatu na nusu, bosi, kama serikali ilivyosema." Hadanganyi. Kwenye fomu imeandikwa tatu na nusu. Nimeitoa kopi mwenyewe.

Ndiyo maana katika sheria za Wamarekani mimi sivutiwi sana na huo mswada wa asilimia 10. Navutiwa na kijisehemu cha sheria yao ya kadi ya mwaka 2009, iliyotiwa saini na Obama mwezi Mei. Sheria ile inamlazimisha mtoa kadi, yaani benki, kuandika kwenye taarifa ya kila mwezi kwamba, ukiendelea kulipa kile kiwango cha chini tu, deni hili litakwisha baada ya muda gani na litakugharimu kiasi gani kwa jumla. Inaandikwa hapo hapo, mbele ya macho yako, si kwenye ukurasa wa nane. Pia akitaka kupandisha riba lazima akupe notisi ya siku 45. Hayo hayakuwamalizia watu madeni, Wamarekani bado wanadaiwa sana, lakini ile namba wanaiona.

Ningependa sheria yetu ifanye hivyo kwa ukatili zaidi. Ukurasa wa kwanza wa mkataba wowote wa mkopo uwe na mistari mitatu kwa Kiswahili, kwa herufi za kuonekana na bibi: unashika mkononi shilingi kadhaa, utarudisha kwa jumla shilingi kadhaa, siku ya mwisho tarehe fulani. Na kila shilingi iliyo kati ya namba ya kwanza na ya pili, uiite fomu, uiite bima, uiite nauli ya afisa, ihesabiwe ndani ya kile kikomo. Asilimia ni lugha ya watu wa ofisini. Mama wa beseni anajua kutoa na kujumlisha kuliko mimi, ila hajawahi kupewa namba mbili za kutoa. Dukani kwangu bei ya kopi iko ukutani, shilingi 100, na mtoto wa darasa la kwanza anaisoma. Mtu anayeuza pesa kwa nini asibandike bei?

La pili ni la Wakenya. Sheria yao ya benki ina kifungu cha 44A: mkopo ukishashindikana kulipika, riba inayoendelea kuhesabiwa haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku ulipokwama. Deni lina dari. Halijengi ghorofa juu ya ghorofa wakati mwenye nalo amelala hospitali. Hiki kifungu ningekiazima bila aibu, nikaongeza neno faini, maana kwetu riba ikifungwa mlangoni huingia kwa dirisha la faini.

Wakenya hao hao wametufundisha na upande wa pili wa shilingi. Mwaka 2016 walifunga riba za benki zisizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha benki kuu yao. Wafanyabiashara wadogo wakafurahi, kisha wakajikuta hawakopesheki: benki ziliona heri kuikopesha serikali kuliko muuza nyanya. Watu wakakimbilia mikopo ya simu. Novemba 2019 kikomo kile kikafutwa. Rafiki yangu mmoja, aliyekuwa afisa mikopo kabla hajaanza kuuza machungwa ya Muheza, hunirudishia mfano huo kila nikiongea sana. Ananiambia nikibana mno, yule mama wa beseni atakosa hata huo mkopo wa kausha damu. Ana haki nusu. Nusu nyingine ni kwamba mtu asiyeweza kuishi ila kwa kuficha bei, sioni kwa nini tumlilie akifunga ofisi.

Lakini akifunga, mama aende wapi? Hapo hasira yangu inahamia kwingine. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa sababu ya usimamizi mbovu, na ilikaa muda mrefu kabla ya kurudi. Mtaani kwangu nilikiona kipindi kile kwa kipimo changu cha karatasi, fomu za vikundi zilikauka na fomu za marejesho ya kila siku zikajaa. Mamlaka yetu ya maji, Tanga Uwasa, ilipotaka pesa mwaka 2024 ilitoa hatifungani, wananchi na taasisi wakaikopesha zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa asilimia 13.5 kwa mwaka. Naipongeza, maji tunayanywa. Ila bomba linakopa kwa bei ambayo mwenye ndoo hawezi hata kuiota.

Habari ya mikopo ya simu nitaipitia haraka kwa sababu inanipandisha presha. Siku moja nikiwa natoka swala ya Ijumaa nilipata ujumbe kutoka namba nisiyoijua ukisema binamu yangu ni tapeli na mimi ndiye mdhamini wake. Sikuwa mdhamini wa mtu. Programu ilikuwa imekomba majina yote ya simu yake na kuyageuza viboko. Deni lilikuwa la elfu 60. Shemeji zake waliupata, imamu aliupata, na fundi wake wa friji. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha yasiyo na leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022. Vizuri. Binamu mpaka leo haswali kwenye msikiti ule.

Na wapo watakaoniambia dawa ni moja tu, riba ni haramu, tuiache. Nakubali kwa imani yangu, na najua hapa Tanga hotuba hiyo tumeisikia tangu tukiwa chuoni na mbao. Lakini mwalimu naye anaijua, na mjukuu alitakiwa kuripoti Jumatatu na godoro.

Suala la kadi ndilo nisilotaka hata kujadili. Kumnyang'anya mzee kadi ya pensheni na namba ya siri kungepaswa kuwa kosa la jinai lenye jina lake, si jambo la kuelimishana kwenye semina. Mtu akikutwa na kadi 11 zisizo zake na namba zake za siri kwenye plasta, aulizwe na polisi lile swali la mzee wa baiskeli.

Mwalimu nilimshauri aende benki, aeleze kuwa kadi haiko mkononi mwake, ifungwe, atolewe nyingine. Alienda. Jumatano wakaja nyumbani kwake watu watatu, wakasimama barazani, hawakutukana, walisimama tu mpaka majirani wote wakawaona. Akawaambia hana ubishi na deni, waandike walichokwisha chukua na watie saini. Hawakuandika.

Jana amerudi na lile daftari. Kila mwezi ameuandikia mstari wake kwa mwandiko ule wa ubaoni: tarehe, kilichoingia, kilichochukuliwa, alichoachiwa. Anataka kopi mbili, moja ya kupeleka kwa malalamiko, moja abaki nayo. Kurasa 7, kopi 14. Aliweka 1,400 mezani kabla sijawasha mashine, na hakukubali nizirudishe.